Jimbo Linapoandika Kitabu na Kukipitisha Lenyewe: Kisa cha Bluebonnet huko Texas

Novemba 22, 2024, mjini Austin, wajumbe 15 wa Bodi ya Elimu ya Jimbo la Texas walipiga kura kuhusu vifaa vya kufundishia vinavyoitwa Bluebonnet Learning. Wanane walikubali, saba walikataa. Kwa tofauti ya kura moja, masomo ya kusoma na kuandika ya kuanzia chekechea hadi darasa la tano, yenye hadithi kadhaa za Biblia ndani yake, yakaingia kwenye orodha ya vifaa vilivyopitishwa kwa shule za umma katika jimbo lenye wanafunzi takriban milioni 5.5.

Vyombo vya habari vilishika suala la Biblia na havikuliachia. Ni suala zito, nami nitalifikia. Ila kinachonikera zaidi katika kisa hiki hakikupewa nafasi kubwa. Bluebonnet haikuwa mswada wa mchapishaji wa kibiashara aliyekuja kuomba ithibati kama wenzake. Iliandaliwa na Wakala wa Elimu wa Texas, ofisi ileile inayoendesha zoezi zima la uhakiki. Serikali moja iliandaa vifaa, ikasimamia ukaguzi wake, halafu ikatoa fedha kwa shule zitakazovitumia. Sisemi kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere, maana walimu waliokaa kuvipitia vifaa hivyo walifanya kazi ya kweli. Lakini utaratibu wenyewe ulijengwa kwa namna inayomfanya mtu mwaminifu ashindwe kuthibitisha kwamba hakuna upendeleo.

Ili kuelewa walifikaje hapo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Texas ilianza kuwapa wanafunzi vitabu vya bure baada ya katiba ya jimbo kurekebishwa mwaka 1918, na kwa kuwa jimbo ndilo lililonunua, jimbo ndilo lililochagua. Soko lake ni kubwa mno kiasi kwamba kwa miaka mingi wachapishaji waliandika vitabu huku wakiitazama Austin, na wanafunzi wa majimbo mengine wakasomea vitabu hivyohivyo. Kuanzia mwaka 1961 mke na mume, Mel na Norma Gabler, watu wa kawaida wasio na cheo chochote cha elimu, walikuwa wakipekua vitabu ukurasa kwa ukurasa na kwenda mbele ya jimbo na orodha ndefu za makosa na malalamiko ya kihafidhina. Walionyesha kwamba raia yeyote mwenye subira anaweza kusimamisha kitabu cha kampuni kubwa. Wengi waliwachukia kwa mtazamo wao, na mimi sikubaliani na mengi waliyoyataka, ila walisoma vitabu hivyo neno kwa neno wakati wengine walipitisha macho juu juu.

Mwaka 1995 bunge la jimbo liliipunguza nguvu bodi. Likasema isikatae kitabu kwa sababu ya mtazamo wake. Iangalie kama kina makosa ya kweli, kama kinagusa mada zilizo kwenye viwango vya jimbo vinavyojulikana kwa kifupi TEKS, na kama kimechapwa vizuri. Mwaka 2011 nguvu ikapungua tena: wilaya za shule, yaani mamlaka za maeneo zinazoendesha shule za umma, ziliruhusiwa kutumia fedha zao za vitabu kununua hata vifaa visivyo kwenye orodha ya jimbo. Tangu hapo orodha ikawa zaidi ushauri kuliko amri.

Kuna tukio moja katikati ya miaka hiyo ambalo ni lazima nilitaje, kwa sababu linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Novemba 2014 bodi ilipitisha kundi kubwa la vitabu vya masomo ya jamii. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha jiografia cha kampuni ya McGraw-Hill. Ndani yake kulikuwa na ramani ya uhamaji, na maelezo ya ramani hiyo yakasema biashara ya utumwa ya Atlantiki ilileta mamilioni ya wafanyakazi kutoka Afrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Wafanyakazi! Kana kwamba walisaini mkataba na kupanda meli. Wahakiki hawakuliona hilo, wala wajumbe wa bodi. Aliyeliona ni mwanafunzi, Oktoba 2015, akaupiga picha ukurasa ule na kumtumia mama yake, na mama akauweka mtandaoni. Kampuni iliomba radhi, ikarekebisha toleo la kidijitali na kuahidi stika au nakala mpya kwa shule zilizotaka.

Mwezi uliofuata mjumbe mmoja, Thomas Ratliff, alipendekeza wahadhiri wa vyuo vikuu waitwe kuvipitia vitabu kwa kazi moja tu ya kusaka makosa ya ukweli. Bodi ilikataa kwa kura 8 dhidi ya 7. Ikakubali badala yake kwamba wengi katika jopo la wahakiki wawe na ujuzi wa kutosha wa somo husika. Mtu anaweza kusema hiyo ilitosha. Mimi naona haikutosha. Mwalimu mzuri wa darasa la nne anajua kama somo linafundishika. Si lazima ajue kwamba sentensi moja chini ya ramani inaficha historia ya watu milioni kadhaa. Kazi hizo mbili zinahitaji macho tofauti.

Ndipo ikaja sheria ya mwaka 2023, HB 1605, ambayo ndiyo mzizi wa Bluebonnet. Sheria hiyo ilianzisha utaratibu mpya wa uhakiki na uidhinishaji, unaoitwa kwa kifupi IMRA, na ikamwagiza Wakala wa Elimu kutengeneza vifaa vya jimbo lenyewe, ambavyo wilaya yoyote inaweza kuvichukua bure kupitia intaneti. Hoja ya serikali ilikuwa na msingi. Walimu wengi wa shule za msingi walikuwa wakitumia jioni na Jumapili zao kuokota masomo mitandaoni, mengine hayalingani kabisa na darasa wanalofundisha. Mtoto aliyehama kutoka shule moja kwenda nyingine alikutana na ulimwengu mwingine. Kumpa mwalimu masomo yaliyopangwa vizuri, siku hadi siku, ni msaada mkubwa, na asiyewahi kusimama mbele ya watoto 25 wa miaka sita asiharakishe kubeza hilo.

Utaratibu wenyewe unakwenda hivi. Mchapishaji anawasilisha vifaa vyake. Makundi ya wahakiki, wengi wao walimu na viongozi wa masomo katika wilaya, huvipima kwa kutumia kigezo kilichopitishwa na bodi: masomo yamepangwaje, yanafuata namna gani ufundishaji wa sauti za herufi, mwalimu anapewa msaada gani kwa watoto wanaochelewa, maarifa yanajengwa hatua kwa hatua au yanarukaruka. Kundi jingine huangalia kama vifaa vinafaa kwa umri na havivunji sheria za jimbo. Wajumbe wa bodi wanaweza kupendekeza majina ya wahakiki. Umma nao hupewa muda wa kusoma na kutoa maoni. Baada ya hapo ripoti hufika mbele ya bodi, na bodi hupiga kura kwa kila kifaa.

Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, na ninasema hivyo bila kusita. Uwazi wake unapita wa nchi nyingi. Lakini kigezo hujibu tu kile kilichoulizwa. Ukiuliza kama somo limepangwa vizuri, utajibiwa kama limepangwa vizuri. Somo linaweza kupata alama za juu kabisa kwa mpangilio na bado likampa mtoto picha potofu ya nchi yake au ya dini ya jirani yake.

Rasimu ya Bluebonnet ilitolewa kwa umma mwishoni mwa Mei 2024. Msingi wake ulikuwa masomo ya kampuni ya Amplify, ambayo Texas ilikuwa imeyanunua wakati wa janga la korona, kisha yakafanyiwa marekebisho makubwa. Humo ndimo zilimoingia hadithi za Biblia kwa wingi. Watoto wa chekechea wanafundishwa kanuni ya kuwatendea wengine kama unavyotaka kutendewa, na chanzo kinachopewa uzito ni Hotuba ya Yesu Mlimani. Darasa la kwanza wanakutana na mfano wa mwana mpotevu. Darasa la pili wanasoma habari za Malkia Esta katika mfululizo wa watu waliosimamia haki. Darasa la tano, kwenye somo la sanaa ya Ulaya, wanaitazama picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci na kusomewa pia simulizi yenyewe kutoka Injili ya Mathayo.

Waliounga mkono, wakiwemo kikundi cha Texas Values, walikuwa na hoja ambayo sitaki kuipuuza. Huwezi kuisoma barua ya Martin Luther King aliyoiandika akiwa jela ya Birmingham na kuielewa vizuri kama hujui Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa nani, kwa sababu yeye mwenyewe anawataja. Fasihi ya Kiingereza imejaa marejeo ya aina hiyo. Sheria ya elimu ya Texas nayo imeyataja Maandiko ya Kiebrania na Agano Jipya miongoni mwa mambo ya kufundishwa kwa athari zake katika historia na fasihi. Na Mahakama Kuu ya Marekani, katika hukumu yake ya mwaka 1963 kwenye shauri la Abington dhidi ya Schempp, ilikataza usomaji wa Biblia kama ibada shuleni, lakini ikaeleza wazi kwamba kuisoma kama fasihi au historia, bila kuegemea upande, si kosa.

Neno zito hapo ni kutoegemea upande. David Brockman, msomi wa masuala ya dini, aliichambua rasimu kwa ajili ya shirika la Texas Freedom Network na kuonyesha kwamba Ukristo ulipewa nafasi kubwa kupita kiasi huku dini nyingine zikiguswa kidogo. Wengine walikamata mambo ya historia: somo la chekechea lilisema waasisi wa Marekani walitambua kwamba utumwa ni kosa, bila kutaja kwamba George Washington na Thomas Jefferson walimiliki watumwa. Ukikumbuka ile ramani ya 2015, unaona kwamba ugonjwa ni uleule.

Mimi hoja yangu inaanzia kwenye umri. Mwanafunzi wa kidato cha nne ukimwambia Wakristo wanaamini jambo fulani, anajua unazungumzia imani ya watu. Mtoto wa miaka sita hana kichujio hicho. Kwake, mwalimu akisema jambo limetokea, limetokea. Fikiria familia za wasemaji wa Kiswahili walioko Texas, maana wapo wengi, hasa wakimbizi kutoka Kongo waliopelekwa Houston, Dallas na hata Abilene. Mtoto wa familia ya Kipentekoste ataisikia hadithi ya mwana mpotevu akiwa tayari anaijua kutoka kanisani, na pengine atainua mkono wa kwanza. Mtoto wa familia ya Kiislamu atakaa kimya, au ataenda nyumbani na maswali ambayo mzazi hakutarajia kuyajibu mapema kiasi hicho. Wote wawili wanasoma shule ya umma inayolipiwa kodi na wazazi wote. Hata yule Mkristo ana la kupoteza, kwa sababu mafundisho ya imani yake sasa yanafafanuliwa na mwongozo wa mwalimu uliotungwa na ofisi ya serikali, si na wazazi wala mchungaji wake.

Wakala wa Elimu ulipokea maoni na kubadilisha baadhi ya vipengele, na hilo ni la kupongezwa. Umbo la jumla halikubadilika.

Novemba 18 wananchi walizungumza mbele ya bodi kwa saa nyingi, walimu, wachungaji, marabi, wazazi. Kesho yake ikapigwa kura ya awali, 8 kwa 7. Hapa pana jambo ambalo kila anayefuatilia uidhinishaji wa vitabu anapaswa kulitazama kwa makini. Wajumbe wa bodi huchaguliwa na wananchi, na wakati huo chama cha Republican kilikuwa na wengi. Lakini Warepublican watatu, Evelyn Brooks, Patricia Hardy na Pam Little, waliungana na Wademokrat wanne kukataa. Kura ya nane iliyopitisha ilitoka kwa Leslie Recine. Hakuwa amechaguliwa. Kiti cha eneo la Dallas kilikuwa kimeachwa wazi na Mdemokrat Aicha Davis aliyekwenda kwenye bunge la jimbo, na Gavana Greg Abbott akamteua Recine kukishikilia kwa wiki chache zilizobaki za mwaka. Mdemokrat Tiffany Clark alikuwa ameshashinda uchaguzi wa kiti hicho na alisubiri Januari tu.

Uteuzi ule ulikuwa halali kisheria. Hata hivyo nashindwa kuukubali. Miezi mingi ya walimu kusoma, kupima na kuandika ripoti, na maelfu ya maoni ya wananchi, vyote viliishia mikononi mwa mtu ambaye wapiga kura wa eneo lake hawakumtuma, wiki chache kabla ya yule waliyemtuma kuingia. Kama bodi ingeahirisha kura hadi Januari, vifaa vingechelewa kidogo tu kufika shuleni, na matokeo yoyote yangekuwa na heshima zaidi. Jambo linalowahusu watoto wa watu wote halistahili kuamuliwa kwa kuvizia ratiba.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo ithibati inapopata meno. Bluebonnet si lazima. Kila wilaya iko huru kuchagua, na Kamishna wa Elimu Mike Morath alilisisitiza hilo mara nyingi. Ila sheria ya HB 1605 inaipa wilaya dola 40 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka ikinunua vifaa vilivyopitishwa na bodi, na dola 20 zaidi kwa kila mwanafunzi za kuchapisha vile vinavyomilikiwa na jimbo. Chukua wilaya yenye wanafunzi 10,000. Ikichagua vifaa vya kampuni binafsi vilivyopitishwa, inapata dola 400,000. Ikichagua vya jimbo, kuna dola 200,000 nyingine za uchapaji. Mkuu wa wilaya ambayo paa la shule linavuja na madereva wa mabasi hawatoshi hawezi kuiangalia hesabu hiyo kwa jicho la mtu asiye na shida. Bunge lililoinyang'anya bodi nguvu mwaka 1995 na kulegeza orodha mwaka 2011, mwaka 2023 liliirudishia orodha uzito wake bila kumlazimisha mtu yeyote.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyo ambacho watu wengi hawakijui. Mwalimu anayefundisha vifaa vilivyopitishwa, na kuvifuata kama vilivyoandikwa, analindwa asichukuliwe hatua za nidhamu kwa tuhuma kwamba amevunja kifungu cha katiba kinachoizuia serikali kusimika dini. Namwelewa aliyeandika ulinzi huo. Mwalimu asiadhibiwe kwa kufuata maelekezo ya mwajiri wake. Lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu anayefuata maandishi neno kwa neno yuko salama kuliko yule anayeongeza sentensi yake mwenyewe kumtuliza mtoto aliyechanganyikiwa. Ndani ya darasa, usalama wa mwalimu na faida ya mtoto zinaweza kwenda njia mbili.

Afrika Mashariki tunalijua vizuri suala la serikali kuwa mwandishi na mwamuzi. Tanzania, baada ya EMAC, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu vya shule, kuvunjwa mwaka 2013 kufuatia kelele za vitabu vyenye makosa, Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo iliyobeba uandishi wa vitabu vya kiada. Kenya, taasisi ya mitaala ya KICD hukagua miswada ya wachapishaji, wakiwemo wachapishaji wanaomilikiwa na serikali yenyewe. Kila njia ina sababu zake. Kinachokosekana mara nyingi, kwetu na kwao, ni mhakiki ambaye mshahara wake na cheo chake havitoki kwa aliyeandika. Kama Texas ingetaka Bluebonnet iaminike hata na wapinzani, ingewapa vifaa vyake wanahistoria na wasomi wa dini wasio chini ya Wakala, ikachapisha ripoti yao nzima kabla ya kura, na kujibu kila kosa waliloliona. Gharama yake ingekuwa ndogo mno ukilinganisha na fedha zilizotengwa kwa uchapaji.

Vifaa vilianza kutumika rasmi mwaka wa masomo ulioanza Agosti 2025, na wilaya zaidi ya 300 zilijiandikisha kutumia sehemu ya kusoma na kuandika, kati ya wilaya na shule za mkataba (shule za umma zinazojiendesha nje ya wilaya) zaidi ya 1,200. Wilaya nyingine zilichukua hisabati ya Bluebonnet peke yake na kuacha masomo ya kusoma. Kwa mzazi tofauti hiyo ni muhimu: akisikia shule yao inatumia Bluebonnet, bado hajajua kama mtoto wake anasoma hadithi hizo au anajumlisha na kutoa tu.

Mzazi anayetaka kujua aulize shule moja kwa moja ni sehemu gani inatumika katika darasa la mwanawe. Sheria inawataka wachapishaji wa vifaa vilivyopitishwa wawape wazazi njia ya kuvisoma mtandaoni, na sheria ya zamani zaidi ya Texas inamruhusu mzazi kumtoa mtoto kwa muda katika shughuli ya darasani inayokinzana na imani yake, alimradi asiitumie kukwepa mtihani wala kukimbia somo zima kwa muhula mzima. Uamuzi wa kuchukua au kuacha vifaa hivi hufanywa na bodi ya wilaya, katika mikutano iliyo wazi, na mtu yeyote anaweza kusimama na kuzungumzia ajenda iliyo mezani. Asiyejua Kiingereza na akazungumza kupitia mkalimani, sheria ya mikutano ya Texas inampa angalau mara mbili ya muda wanaopewa wengine.